"Banasema" haitoshi: kazi za darasani za kusoma, kuandika na kuchunguza



Mimi kapita wenu nimeombwa kuandika katika kijarida hiki juu ya kazi ambazo sisi wafinalisti tunafanya Jumatano mchana pamoja na darasa la saba. Wengine wanapita dirishani, wanaona watoto wanakimbia na kurudi, wanakata makartoni, wanabishana kwa sauti, kiisha wanauliza: "Hii nayo ni masomo?" Ndiyo, ni masomo. Acha nieleze namna ilianza, kiisha nieleze kila kazi namna inafanywa, ili kila mwalimu au mwanafunzi mkubwa anayetaka aweze kuifanya kwake.

Ilianza na neno moja tu: banasema.

Mnakumbuka asubuhi ile mtu alipita nyuma ya madarasa akipiga kelele kwamba vita imefika katika kartie fulani. Katika dakika mbili shule ilikuwa tupu. Makaye yalibaki juu ya mabenchi, viatu vilibaki mlangoni, na msichana mmoja wa la nane aliangushwa kwenye ngazi akaumia mkono. Mimi sijisifu. Nilikuwa karibu na mlango, na mimi ni kapita, na mimi nilitoka wa kwanza. Kesho yake tulianza kuulizana: nani aliona? Huyu alisikia kwa yule, yule alisikia kwa mwendesha moto, na mwendesha moto, tulipomkuta, alisema yeye alisikia mlio mkubwa barabarani na kuona watu wanakimbia. Mlio ulikuwa wa gurudumu la kamio lililopasuka. Kila mmoja tuliyemuuliza alianza na neno lile lile: "Banasema..."

Sisemi kwamba kuogopa ni upumbavu. Sisi ni watoto wa Ituri. Wazazi wetu walipita katika vita vya 1999 mpaka 2003, waliona mapigano hapa Bunia katika Mei 2003 na askari wa Ulaya kufika Juni, na wengi kati yetu tulizaliwa au kukulia katika kukimbia. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa katika mkoa wetu tangu Mei 2021. Kuna siku ambayo anayekimbia ndiye mwenye akili. Lakini tangu siku ile nilianza kuangalia makaye yetu kwa macho mengine, nikaona banasema imejaa mle pia. Ukiuliza mwanafunzi: "Kwa nini umeandika hivi?" anajibu: "Prof alisema." Ukiuliza prof wakati mwingine naye atakuambia: "Kitabu kilisema." Na kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua.

Maana kazi yetu kubwa shuleni, tuseme kweli, ni kunakili tablo. Prof anaandika, sisi tunaandika, kengele inalia. Nilijaribu jambo moja na darasa la saba, ambao ni zaidi ya hamsini. Niliwaambia: funguleni kaye ya biolojia, someni mistari kumi mliyoandika jana, fungeni, mnieleze kwa Kiswahili maana yake. Mikono mitatu ilipanda. Wengine wote walikuwa na maandishi mazuri kabisa, yenye mistari myekundu chini ya vichwa, lakini hawakujua waliandika nini. Sikuwacheka, maana mimi pia katika la saba nilikuwa hivyo. Niliweza kusoma Kifaransa kwa sauti mbele ya watu kama redio, na mama mzee wetu alipoleta karatasi ya dawa yake niliisoma yote bila kosa, kiisha aliniuliza: "Basi ninywe mara ngapi?" Nikanyamaza.

Sasa kazi zenyewe.

Ya kwanza tunaiita KITABU KIMOJA, VIKUNDI VINNE. Ni kwa shule yenye kitabu kimoja tu, ndiyo kusema shule nyingi. Tulichagua habari ya mbu anayeleta malaria, yule wanaita anofeli. Tuliinakili kwa mkono katika vipande vinne: mayai, lava, nimfa, na mbu mkubwa mwenye mabawa. Hatukuandika namba juu ya vipande. Kila kikundi kinapata kipande kimoja, kinasoma kwa dakika kumi na tano, kinaruhusiwa kuuliza maana ya maneno matatu tu, si zaidi. Kiisha karatasi inageuzwa chini, na mjumbe wa kikundi anasimama kueleza kwa Kiswahili. Darasa lote linapaswa kusema kipande gani kinakuja kwanza na kipi kinafuata.

Mara ya kwanza kulikuwa fujo. Kikundi cha nimfa kiliapa kwamba chao ndicho cha kwanza, kwa sababu kilikuwa na wavulana wenye sauti kubwa. Hapo tuliweka sheria ambayo tangu siku ile inatawala kazi zetu zote: WEKA KIDOLE KWENYE MSTARI. Kama unasema kitu, onyesha mahali palipoandikwa. Wavulana walitafuta, wakakuta katika kipande chao neno la Kifaransa "ensuite", maana yake kiisha. Msichana mmoja mdogo aliyekaa nyuma, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake tangu Septemba, aliuliza: "Kama ni kiisha, kiisha ya nini?" Darasa lilinyamaza. Kipande kinachoanza na "kiisha" hakiwezi kuwa cha kwanza. Siku ile walijifunza kwamba maneno madogo yale, kiisha, lakini, kwa hiyo, kabla, ndiyo yanashika habari kama misumari inavyoshika bati. Na walijua mambo ya mbu kuliko mimi katika la saba: kwamba ni jike tu anauma, kwamba lava anakaa majini na anapanda juu kupumua, kwamba maji yaliyosimama karibu na nyumba ndiyo uwanja wake. Watatu walienda kumwaga maji ya magurudumu ya zamani nyuma ya jiko, bila mtu kuwatuma.

Wapo walimu wanaosema si vizuri kueleza kwa Kiswahili, kwa sababu mtihani ni wa Kifaransa. Ninawaheshimu, lakini mimi naona namna hii: mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili anatafuta maneno ya Kifaransa akijua anatafuta nini. Aliyekariri Kifaransa bila kuelewa hana cha kutafuta. Hapa Bunia darasa moja lina Walendu, Wahema, Waalur, Wabira, Wanande, Walugbara na wengine, na Kiswahili ndicho benchi tunalokalia wote. Tunaanza pale, kiisha tunapanda.

Ya pili ni DIKTE YA KUKIMBIA, ndiyo hii mnaona dirishani. Maandishi ya mistari sita yanabandikwa ukutani nje. Watoto wako wawili wawili. Mmoja anakimbia, anasoma, anabeba sentensi moja kichwani, anarudi kumwambia mwenzake, naye anaandika. Katikati wanabadilishana. Anayebeba neno moja moja atachoka upesi. Anayesoma sentensi nzima na kuelewa maana yake anafika nayo yote. Mwishoni wanapewa maandishi yenyewe, wanasahihisha wao wenyewe. Inahitaji uwanja mkavu, na siku ya mvua haiwezekani. Basi.

Juu ya kuandika nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa sisi wakubwa pia tunaanguka. Tunaanza na sentensi tano tu. Si ukurasa. Sentensi tano juu ya kitu ulichoona mwenyewe tangu asubuhi. Kiisha unampa mwenzako, naye anasoma kwa sauti KILE KILICHOANDIKWA, si kile ulichotaka kuandika. Mwenye maandishi anakaa kimya na kusikiliza. Hii peke yake inasahihisha kuliko bik nyekundu. Mvulana mmoja aliandika bila kituo hata kimoja: "Mama alipika kuku mgeni alikula watoto walibaki na njaa." Mwenzake alisoma polepole, akavuta pumzi pale alipotaka: "Mgeni alikula watoto." Tulicheka mpaka prof wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini tangu siku ile huyu mvulana anaweka vituo kama mtu anayepanda maharagwe, na wengine pia. Sikuwa nimefundisha leson yoyote ya kituo na mkato.

Baada ya sentensi tano tunaandika barua ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu tumezoea kumwandikia "rafiki yako anayekaa Kinshasa", ambaye hayuko. Darasa la saba liliandika kwa Bwana Prefe juu ya pipa la maji ya kunawa mikono lililotoboka. Barua ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu: maji hakuna, sisi tunateseka, ni vibaya. Tuliwauliza: pipa liko wapi? Limetoboka tangu lini? Mnaomba nini? Nani atafanya? Walienda kuangalia, wakapima tundu kwa kidole, wakaandika tena. Barua ya tatu ndiyo iliyoenda. Ilikuwa na mistari minane, na mtu yeyote akiisoma anajua la kufanya. Walipoona pipa limezibwa kwa lami, walielewa maana ya kuandika kuliko maneno yangu yote.

Sasa uchunguzi. Neno hili linatisha wengi, wanafikiri ni kazi ya watu wa université. Lakini uchunguzi ni kuuliza swali, kutafuta jibu mahali zaidi ya pamoja, na kuandika ulilipata wapi. Hatuna biblioteki kubwa. Tuna kabati moja, na tuna wazee. Swali letu lilikuwa: WAZEE WETU WALIJIFUNZA KUSOMA NAMNA GANI?

Kwanza tulikata fishi. Tulitumia makartoni ya sabuni na karatasi ya ndani ya mifuko ya simenti, kila moja ukubwa wa kiganja. Juu ya kila fishi unaandika mambo manne kabla ya kuandika jibu: nani amesema (si lazima jina, andika tu "mwanamke mzee wa kartie yetu"), siku gani, mahali gani, na neno la mwisho ambalo ni la maana zaidi: ALIONA au ALISIKIA. Hilo la nne ndilo dawa ya banasema. Fishi isiyo nalo tunairudisha, hata kama habari yake ni tamu.

Taabu ilikuja na miaka. Wazee wetu hawasemi "mwaka 1973". Wanasema: "Wakati maduka ya wageni yalipewa Wazaire." Watoto walirudi wakisema wazee hawajui tarehe. Si kweli, wanajua sana, ila wanahesabu kwa mambo. Kwa hiyo tulitengeneza KALENDA YA MAMBO juu ya tablo, na nawaandikia hapa ili mnakili (hapa nakubali mnakili):

Uhuru, 30 Juni 1960. Vita vya Simba, 1964. Mobutu kushika utawala, 24 Novemba 1965. Nchi kuitwa Zaire, 27 Oktoba 1971. Maduka na mashamba ya wageni kuchukuliwa, mwisho wa Novemba 1973. Shule za makanisa kuchukuliwa na Serikali, 1974, na kurudishwa, 1977. Noti za zaire tano na kumi kufa, Desemba 1979. Jina la Zaire kuisha, 17 Mei 1997. Franka mpya, 1998. Askari wa Ulaya hapa Bunia, Juni 2003. Ituri kuwa mkoa, 2015.

Na kalenda hii mtoto anaweza kumuuliza mzee: "Ilikuwa kabla noti hazijakufa, au baadaye?" Hapo mzee anakaa vizuri katika kiti na habari inatoka.

Mtoto mmoja alileta fishi mbili za nyumba moja. Mama mzee alisema alianza kusoma mwaka noti zilikufa. Ndugu yake wa kiume alisema hapana, ni wakati shule zilirudi kwa makanisa. Miaka miwili katikati. Darasa lilitaka kupiga kura nani ana haki! Tukasema kura haiwezi kujua, mtu arudi akaulize tena. Mtoto alirudi na jibu ambalo nitalikumbuka. Wote wawili walisema kweli. Katika 1977 mama alianza silabi, chini ya mti, akiandika kwa kijiti katika vumbi. Katika 1979 alisoma kwa mara ya kwanza barua ya mume wake mwenyewe, bila kumpa mtu mwingine aisome. Kwake yeye, kusoma kulianza siku ya barua. Ndugu yake alihesabu siku ya silabi. Kama tungepiga kura tungepoteza barua ile.

Vitabu navyo vina taabu zao. Katika kabati letu kuna kitabu cha jografia kinachosema Bunia iko katika Haut-Zaïre, na ziwa letu linaitwa Mobutu Sese Seko. Mwanafunzi mmoja aliandika hivyo, akaweka na kidole kwenye mstari kama tulivyofundisha! Hakukosa sheria, sisi ndio tulikosa kumaliza sheria. Sasa tumeongeza: KABLA YA KUSOMA KITABU, TAFUTA KILIPIGWA CHAPA MWAKA GANI. Mara nyingi mwaka uko kwenye ukurasa wa kwanza au wa pili, kwa herufi ndogo, au mwishoni kabisa. Kitabu cha wakati wa Zaire hakikusema uongo kwa wakati wake. Haut-Zaïre iligeuka kuwa Province Orientale, na tangu 2015 sisi ni mkoa wa Ituri, na ziwa limerudia jina Albert. Wenye simu mfuate sheria hiyo hiyo: nani ameandika, na lini. Kama simu haionyeshi nani wala lini, hiyo ni banasema yenye taa.

Swali lilitupeleka mbali zaidi: nani alifundisha watu kusoma kwanza huku kwetu? Mmoja aliandika: "Ni wazungu wa misioni." Kweli, Africa Inland Mission ilifika Kongo katika 1912, na kazi yake ya shule upande huu ni kubwa. Lakini mwingine alikuta katika kitabu kwamba Apolo Kivebulaya, Mwafrika kutoka Buganda, alifika Mboga tangu 1896, akifundisha, na alizikwa kule katika 1933. Kwa watu wa misioni yake waliotaka kubatizwa kusoma kulikuwa mlango, hata waamini waliitwa wasomaji. Fishi ya tatu ilisema Boga, si Mboga, na watoto walifikiri ni vijiji viwili. Tulikwenda kwenye karta, tukakuta ni pamoja, jina linaandikwa namna mbili.

Kwa hiyo wakataka kuandika: "Apolo ni wa kwanza kufundisha kusoma Ituri." Hapo nilikuwa karibu kukubali, maana inapendeza. Mfinalisti mwenzangu alikataa. Alisema: tumefungua vitabu vitatu tu, tunajuaje hakuna mwingine kabla? Tulibishana saa nzima. Mwishoni tuliandika: "Kati ya wale tuliowakuta katika vitabu vyetu, wa zamani zaidi ni Apolo, 1896." Sentensi hii si tamu kama ile nyingine, lakini mtu akitupinga hatutaanguka.

Sasa neno kwa wafinalisti wenzangu. Wengi wenu mnaniambia tunapoteza wakati, kwa sababu katika Exetat siku nne zile ni kuchagua herufi tu. Sawa. Lakini kabla ya siku nne zile kuna hors-session, na katika hors-session kuna disertasio, na disertasio haina herufi ya kuchagua. Mwaka huu nimeanza kuandika zangu na fishi mkononi, na kumpa mwenzangu azisome kwa sauti. Ni haya tupu, mara nyingine nasikia sentensi zangu mwenyewe kama za yule mgeni aliyekula watoto. Afadhali niyasikie huku kuliko yule anayesahihisha.

Makosa yetu nayo yapo. Katika vikundi wavulana wanashika karatasi na wasichana wanaangalia kwa mbali. Tumeamuru karatasi ishikwe kwa zamu, lakini nikigeuza mgongo inarudi palepale. Wanaokaa mbali, na wale waliokimbilia mjini na jamaa zao, wanapaswa kuondoka mapema, na kazi ya mchana inawapita. Kwa hao tunafikiri kuhamisha dikte saa ya mapumziko, ila Bwana Prefe hajakubali bado.

Jumatano ijayo, saa nane, tutaanza swali jipya: maji ya kartie yetu yanatoka wapi, na nani alichimba visima? Kila mmoja alete kartoni moja, bik, na mzee mmoja wa kuuliza aliye tayari. Wa darasa la nane nao wanaweza kuja, mabenchi yao waje nayo.